Walisema Mama Hajambo

Mama yangu alizikwa Magu wakati watu wanachuma pamba. Mimi nilikuwa nimelala chali hospitalini Mwanza na hakuna aliyeniambia. Niliambiwa mvua za vuli zilipoanza. Muda wote huo wa katikati nilikuwa nikimwombea kila jioni magoti yake yapone, na mume wangu, ambaye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake, alikuwa akiitikia Amina.

Naanza na hilo makusudi, ili msomaji asije akasema nami nimemficha. Nimeshafichwa vya kutosha. Na la pili nalisema mapema vilevile: nilipona. Dawa nilimaliza zote, natembea, nashona, maji nabeba kwa ndoo ndogo ya mkononi ingawa kichwani sithubutu tena. Kama na wewe umelazwa mahali unatazama dari tu, jua kwamba mwili unarudi. Ninachotaka kukueleza ni kile kinachobaki nyuma mwili ukisharudi.

Kazi yangu ni ushonaji. Nilikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha nyumba yetu Kirumba, na miaka hiyo mitumba ilikuwa imetuingilia kwa fujo. Watu hawakuleta tena vitambaa. Walileta suruali za Wazungu wenye miguu mirefu nizikate, na magauni ya harusi ya sijui nani niyabane kiuno. Mume wangu, Baba Koku, ni Mhaya wa Bukoba. Alikuwa karani katika chama cha ushirika wa pamba mpaka walipopunguzwa kazi, akaenda kusimamia mizani kwenye kiwanda cha sangara pale ufukweni. Alirudi nyumbani ananuka samaki, na kwa kawaida yake si mtu wa maneno mengi. Mtoto wetu ni mmoja, Koku, na mwaka ule ndio alikuwa ameanza darasa la kwanza.

Maumivu yalinianza kiangazi, katikati ya mgongo. Kila mtu alijua sababu yake: cherehani. Mume wangu alisema cherehani. Majirani walisema cherehani. Mwenye duka la dawa, maana siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameota kila kona, naye akasema cherehani na kuniuzia vidonge. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kusema. Nilibadilisha kigoda, nikaweka mto, mwisho nikaacha kushona kabisa, na mgongo ukazidi kuuma hata nikiwa nimelala. Hapo ndipo tulipotakiwa kushtuka, na hatukushtuka.

Mama alikuja kutoka Magu kuniuguza. Alikuwa anapasha chumvi kwenye kikaango, anaifunga kwenye kitambaa, ananikanda polepole huku akinisimulia habari za mbuzi wake kana kwamba ni watu. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua. Akishamaliza kunikanda alikuwa anainuka kwa kushika ukuta, na mimi nikiwa nimelala kifudifudi nilikuwa nasikia vile anavyohema. Palizi ilipofika akaaga. Alisema, "Kabula mwanangu, pona uje nyumbani. Mimi Mwanza siiwezi, hata maji yenu yana harufu ya samaki." Nilicheka ingawa kucheka kuliniuma. Nikamwambia nitakuja, mama. Sikumsindikiza hata mlangoni kwa sababu siku hiyo sikuweza kusimama, na ndiyo mara ya mwisho niliyomwona.

Baada ya hapo nilikonda. Jasho lilikuwa linanilowesha shuka, na miguu ikaanza kufa ganzi. Mtu akikonda miaka ile, hakuna aliyeuliza mara mbili. Wateja wakaja kuchukua suruali zao kabla sijazigusa. Nilimsikia jirani mmoja, mwanamke niliyemshonea sare za watoto wake wote, akimwambia mwenzake dirishani kwangu kwamba fundi amekanyaga waya. Baba Koku naye alisikia. Huko kwao Bukoba UKIMWI ulishachukua kaka zake wawili, na aliponitazama niliona kabisa kwamba ameshaanza kuniaga. Ilinichoma kuliko mgongo.

Tulikwenda hospitali wakati wa masika. Sijui kama umewahi kukaa kwenye benchi la foleni ukiwa na mgongo ulioharibika. Akiingia mtu mmoja kwa daktari, benchi zima linasogea. Unainua makalio, unayaburuta, unayashusha. Mtu mwenye malaria hata haoni. Mimi kila msogeo nilikuwa naona giza. Nikaomba nisimame pembeni, wakasema, mama, ukitoka umepoteza nafasi yako. Basi Baba Koku akakaa badala yangu. Akawa anasogea yeye, na mimi nimesimama nimejishikilia ukutani, na kila aliposogea aliniangalia kama ananiuliza ikiwa bado nipo. Katika ugonjwa wote ule hakuna zawadi niliyopewa iliyozidi ile.

Picha zikaonyesha ni TB, imeingia kwenye uti wa mgongo. Mimi nilikuwa sijui kwamba TB inaacha kifua ikapanda mgongoni. Daktari alituambia inatibika, lakini nilale bila kukaa, na nitafungwa plasta, ile ngumu ambayo watu huiita hogo, kuanzia kifuani mpaka nyongani. Akamwita Baba Koku pembeni akamwambia, nami nasikia, "Huyu anahitaji utulivu. Asishtuke, asigombe, asilie kwa nguvu. Mgongo usitikisike." Alisema vizuri tu, na alikuwa na haki ya kusema. Sisi wenyewe ndio tulioyachukua maneno yale tukayafanyia kazi kwa namna yetu.

Wakati wa sindano ndio ulikuwa mbaya. Kila asubuhi nesi alipita na trei, na nikisikia magurudumu tu mwili ulikuwa unajikaza. Masikio yalilia wii mchana kutwa. Mkojo ulitoka mwekundu kwa sababu ya vidonge, na siku ya kwanza nilidhani nakufa. Ndani ya hogo palikuwa panawasha mpaka nalia. Kitanda cha jirani alikuwepo Mama Akinyi, Mjaluo wa Rorya, amevunjika nyonga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Mwanawe alimletea spoku ya baiskeli, akaikunja ncha, wakawa wananipitishia kwenye uwazi wa hogo kunikuna. "Kushoto au kulia, fundi?" alikuwa ananiuliza. Nakwambia, raha ile hata peponi sina hakika kama ipo.

Mdogo wangu Milembe alihamia nyumbani kwetu kumtunza Koku na kuniletea chakula. Alikuwa anakuja na salamu za mama kutoka Magu, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha juani, ambavyo mama alikuwa bingwa navyo. Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, alikuja Baba Koku ametoka kazini. Alikuwa anakaa kwenye ukingo wa kitanda, tunasali pamoja. Mimi ni Mkatoliki na yeye Mlutheri, hatukujali. Nilikuwa namwombea Koku, namwombea yeye, halafu namwombea mama. Mwili wangu niliuweka mwisho. Nilikuwa nasema, "Ee Mungu, yaponye magoti ya mama ili nikifika anilaki kwa miguu yake." Yeye anaitikia.

Nilikuwa nimeshajipangia. Mgongo uwe mzima kwa dawa, akili itulie kwa kumfikiria mama, roho ishike sala. Vitatu hivyo nilivifunga pamoja, na katikati yake alikuwa mama. Nikiumwa sana nilijiambia, kaza moyo, utakwenda Magu. Nikikosa hamu ya kula nilijiambia hivyohivyo. Sikuwa na sababu nyingine kubwa kama hiyo.

Sindano zilipokwisha tukabaki na vidonge. Jua likawa kali, na wageni kutoka vijijini wakawa wanazungumzia pamba. Siku moja Milembe hakuja. Wala kesho yake. Baba Koku naye hakuonekana siku kama mbili hivi, akatuma mtu aseme kiwandani kuna kazi nyingi. Walipokuja, Milembe alikuwa amefunga kilemba, na kilipoteleza niliona amenyoa kipara.

"Umefanyaje kichwa?" nikamuuliza.

"Mapunye, dada. Nimeambukizwa na Koku."

"Mtu mzima na mapunye? Hebu toka hapa, utaniambukiza na mimi."

Tulicheka. Tulicheka wote wawili, na yeye akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kile kilemba. Sisi Wasukuma tunanyoa baada ya kuzika, kila mtoto anajua. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimelala pale nina sababu moja ya kuishi, na macho yangu yakakataa kuona. Baba Koku alisimama miguuni pa kitanda na uso mkavu, akaniuliza kama nimekula.

Salamu ziliendelea kuja. Mama hajambo. Mama anasema umeze dawa. Mama anauliza kama Koku ameshajua kusoma. Na matobolwa yakaendelea kuja, Milembe akiyanunua kwa wanawake wa stendi ya Buzuruga. Nilipoyatafuna nilisema, "Mama amezeeka, mkono wake umebadilika. Haya hayajaiva." Milembe akasema, "Macho yake hayaoni vizuri siku hizi." Jioni ile nikaongeza na macho ya mama katika sala. Baba Koku akaitikia.

Nikafunguliwa hogo, nikapewa mkanda mpana wenye vyuma wa kuvaa mgongoni, nikafundishwa kutembea. Ngozi niliyoikuta ndani ya ile plasta haikuwa yangu, ilikuwa inabanduka kama ya kitunguu, na tumbo lilikuwa limeingia ndani. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani, vidonge nikavifuate kliniki. Nikasema naanzia Magu. Wakasema barabara mbovu. Nikasema subirini wiki. Wakasema mvua. Hapo nilikasirika kweli, nikamwambia Baba Koku kama hanipeleki nitapanda basi na vyuma vyangu.

Jumapili iliyofuata asubuhi Milembe alinisimamia nimalize uji, mpaka tone la mwisho. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, khanga zimefungwa kiunoni, wanakaa chini. Kisha akaingia kaka yetu mkubwa, Masanja, ambaye ndiye anayekaa kwenye mji wa wazazi kule Magu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Nimekula."

"Kabula, mama hatunaye."

Nikasimama. Nilikuwa nimeshajifunza kusimama haraka. Nikaanza kutafuta viatu, nikawaambia, basi twendeni tuwahi mazishi, mbona mmekaa? Hakuna aliyeinuka. Kaka akasema, "Kaa, dada yangu. Tulishazika." Nikamuuliza lini. Akasema, "Wakati wa pamba. Alianguka uani asubuhi, hakuugua. Daktari alisema usishtuke. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe, usimlaumu mtu mwingine."

Majirani walilia kidogo, kwa heshima yangu. Niliona wazi kwamba wanajitahidi. Msiba wao ulikuwa umeshazeeka, wangu ulikuwa na umri wa dakika tano. Kabla ya adhuhuri walishaondoka kwenda kupika. Koku alikuja kunishika shavu akasema, "Bibi alikufa zamani, mama. Mimi nilikuwa najua lakini sikusema." Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyetumwa mbali akarudi na chenji kamili. Mtoto wa darasa la kwanza, naye walimfundisha.

Nikamgeukia Baba Koku. "Na ulikuwa unaitikia Amina."

"Ndiyo," akasema.

Vile vitatu nilivyovifunga pamoja vikafunguka vyote. Nilikataa kusali. Ningesali nini, na sala zangu za nyuma zilikwenda kwa nani? Nilikataa kuongea na mume wangu, tukawa tunapishana ndani kama wapangaji. Na nikakataa vidonge. Sikuvitupa, nilivigeuzia tu uso asubuhi. Nilijua vizuri kwamba nikiacha katikati, TB itarudi na miguu yangu itakufa. Milembe alipiga magoti akanibembeleza, nikamwambia akawape wanawake wa Buzuruga, maana sasa nilishajua yale matobolwa yalitoka wapi. Hilo lilimwumiza, na nilitaka limwumize.

Aliyenitoa hapo ni Mama Akinyi. Alikuja nyumbani na magongo yake, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Mimi nilijua siku ile ile dada yako alikuja na kichwa cheupe," akasema.

"Na wewe!"

"Na mimi. Ningekwambia nini, na umelala ndani ya hilo jiwe? Sasa sikia. Kwetu mtu akichelewa msiba, hata mwaka upite, anaanza kulia akiwa barabarani. Anaingia mji akilia, anakwenda moja kwa moja kaburini, analia kama amekufa leo. Hakuna anayemwuliza. Wewe umelia wapi?"

Nikasema sijalia.

"Basi nenda ukalie, halafu umeze dawa. Usiponyamazisha huo moyo, utavunja na mgongo."

Kwa hiyo nawe unayemwuguza mtu, nakuomba. Najua mnaficha kwa upendo, na wangu walinipenda. Lakini mkimficha mgonjwa msiba wake, muulizeni daktari siku gani anaweza kubeba, na siku hiyo mwambieni, na mkae naye chini mlie upya. Msimwachie alie peke yake kitu ambacho ninyi mmeshakimaliza. Na kama wewe ndiye uliyefichwa, nenda. Hata kama nyasi zimeshaota, nenda.

Nilimwambia Baba Koku maneno manne baada ya ukimya wote ule: "Nipeleke Magu kwa mama." Akaenda kuomba gari dogo la kiwandani. Akanitandikia godoro nyuma, akakaa nyuma pamoja nami ameshika pande zote mbili za mkanda wangu, na kila shimo la barabara alilichukua yeye kwa mikono.

Nilikusudia kulia tangu barabarani, kama alivyosema Mama Akinyi. Lakini Magu walishasikia kwamba Kabula aliyekuwa amelemaa anakuja, anatembea. Nilipokanyaga uani walipiga vigelegele. Shangazi zangu walikuwa wanacheza. Kuku walikuwa wanachinjwa, sufuria la wali liko motoni, watoto wa ukoo wananigusa vyuma vya mgongoni wapate kuamini. Walikuwa na furaha ya kweli, ningewalaumu vipi watu wale? Nikasimama katikati yao na kilio changu, na sikupata pa kukitolea. Nikawasalimu. Nikawashukuru. Nikapita.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi wake. Mvua ilikuwa imeshaliotesha majani. Nilitaka kujitupa chini, nilale juu ya udongo ule kama watu wengine wanavyofanya, lakini mkanda haukuniruhusu. Sikuweza kuinama wala kupiga magoti. Nilisimama wima mbele ya mama yangu kama askari wa zamu, machozi yananitiririka mpaka kifuani, na sauti haitoki.

Nikasikia mtu anaanguka nyuma yangu. Nikageuka mwili mzima, maana shingo peke yake haikutosha. Alikuwa Baba Koku. Amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazini, viganja vimeshika majani, anatetemeka mabega. Mtu ambaye sikumwona akilia alipopunguzwa kazi, wala alipozika kaka zake.

"Sikumlilia," akasema. "Siku ile nimemzika, nikarudi Mwanza na lori, nikanawa uso, nikaja kwako. Nilijua nikianza kulia hapa utaniona machoni. Nikasema nitamlilia siku mama Koku akipona. Nilikuwa nakusubiri."

Nilitaka kuinama nimkumbatie, mgongo ukakataa. Nikamwekea mkono kichwani, hapo nilipofikia, na sauti yangu ikatoka.

"Basi nimekuja," nikamwambia. "Lia."